Kioo na Sura Iliyomo Ndani Yake

Jioni ya leo tumepewa nafasi ya kuzungumza nanyi kwa muda mfupi juu ya kitu kisichokosekana katika nyumba nyingi, nacho ni kioo cha kujitazamia. Huenda mtu akasema, "Kioo nakijua; kila asubuhi nachana nywele mbele yake. Kuna nini zaidi cha kuambiwa?" Sisi nasi tulidhani hivyo hivyo kwa miaka mingi, na tena tulikuwa tukifundisha habari zake katika chuo cha walimu, chaki mkononi. Lakini siku moja fundi wa kushona nguo alituonyesha ya kuwa hatukukijua. Habari ya fundi huyo tutaieleza mbele. Kwanza tuanze na nuru yenyewe, maana bila nuru kioo ni ubao tu.

Yatupasa kujua ya kuwa nuru huenda kwa njia iliyonyoka. Mtu akiingia jikoni wakati wa mchana, na paa la makuti lina tundu dogo, huona katika moshi kama fimbo ya nuru iliyosimamishwa toka paa hata sakafu, wala haikupinda popote. Fimbo hiyo tutaiita mwale wa nuru. Mwendo wake ni wa ajabu: katika sekunde moja nuru hupita kadiri ya kilometa 300,000, hata hivyo hutumia dakika 8 hivi kutoka kwenye jua mpaka kufika kwetu.

Sasa mwale huo ukikuta kitu njiani huwaje? Mfano wake ni mpira wa watoto. Mtoto akiupiga mpira wima sakafuni, humrudia mkononi. Akiupiga kwa mshazari, haumrudii, bali huruka upande wa pili na kumfikia mwenzake; na kadiri alivyoulaza katika kuupiga, ndivyo unavyolala katika kuruka. Nuru hufanya vivyo hivyo juu ya kioo kilichonyoka. Tuseme tumesimamisha mstari wima juu ya uso wa kioo, mahali pale mwale unapopiga. Pembe iliyopo kati ya mwale unaokuja na mstari ule ni sawasawa na pembe iliyopo kati ya mstari na mwale unaorudi. Ukija kwa digrii 30, utarudi kwa digrii 30. Ukija kwa digrii 60, utarudi kwa digrii 60. Hiyo ndiyo sheria ya kioo, na yote tutakayosema jioni hii yametoka katika sheria hiyo moja.

Huenda mtu akauliza, "Ikiwa nuru hurudi katika kila kitu, mbona sijioni katika ukuta wangu niliopaka chokaa?" Swali hilo ni zuri. Ukuta mweupe hurudisha nuru nyingi sana, ndiyo maana chumba chenye chokaa kina mwangaza kuliko chumba cha udongo mtupu. Lakini uso wa ukuta una vijilima na vibonde vidogo visivyohesabika, na kila mwale hurudi kwa njia yake, huu huku na huu kule, kama watu waliotoka sokoni, kila mtu na njia ya kwao. Katika kioo miale hurudi kwa utaratibu, kama askari katika safu, nao utaratibu ule ndio unaotupa sura. Twaona jambo hilo hilo katika maji. Bwawa likitulia, minazi ya ukingoni huonekana imesimama kichwa chini. Upepo ukivuma kidogo tu, minazi huvunjika vipande vipande. Maji ni yale yale na nuru ni ile ile. Kilichoharibika ni ulaini wa uso.

Kabla ya kuwako vioo vya kisasa, watu walijitazama katika maji, na tena katika shaba iliyosuguliwa hata ikang'aa. Wamisri wa kale walitumia vioo vya namna hiyo. Baadaye mafundi wa Murano, karibu na mji wa Venice katika Italia, walipata sifa kubwa kwa vioo vyao, ambavyo nyuma yake walipaka bati lililochanganywa na zebaki, kazi iliyowadhuru wengi kwa sumu ya zebaki hiyo. Mwaka 1835 Mjerumani jina lake Justus von Liebig alieleza njia ya kutandaza utando mwembamba wa fedha juu ya kioo kwa dawa, na toka hapo vioo vikaanza kuwa rahisi hata vikafika kwa watu wote. Basi mwenye kufanya kazi ni ule utando wa nyuma. Kioo cha mbele ni mlinzi wake tu. Gusa kioo chako kwa ncha ya kalamu, utaona kalamu na sura yake hazigusani. Kati yao mna unene wa kioo.

Sasa tuje kwenye sura. Sura yako katika kioo i wapi? Wengi husema, "Iko juu ya kioo, kama picha iliyobandikwa." Sivyo. Iko nyuma ya kioo, na umbali wake nyuma ni sawasawa na umbali wako mbele. Ukisimama futi 3 mbele, sura yako i futi 3 nyuma. Sababu yake ni hii: jicho halijui ya kuwa mwale umegeuka njiani. Jicho limezoea kwamba nuru huja kwa njia iliyonyoka, basi huufuata mwale kwa kuunyosha mpaka nyuma ya kioo, likasema, "Kitu kipo kule." Wala hakipo. Ukienda nyuma ya kioo na kuweka karatasi mahali pale, karatasi haitaonyesha sura yo yote, maana hapana nuru inayofika hapo.

Msituamini kwa maneno tu. Leo usiku, taa zikizimwa, twaeni kipande cha kioo cha dirisha, kisicho na utando nyuma, mkakisimamishe wima katikati ya meza. Mbele yake, inchi 10 kamili, wekeni mshumaa unaowaka. Nyuma yake, inchi 10 vilevile, na mkabala wa mshumaa, wekeni bilauri tupu ya urefu usiopungua wa mshumaa. Kisha watu wakae upande wa mshumaa, na mshumaa wenyewe mwufiche kwa kitabu kilichosimamishwa ili watazamaji wasiuone. Watatazama katika kioo, nao wataona mshumaa unawaka ndani ya bilauri. Sasa mimineni maji katika bilauri polepole mpaka ijae. Mwali hauzimiki! Utaendelea kuwaka ndani ya maji, na watoto watapiga makelele. Wako watu wanaowatoza wenzao fedha kwa mchezo wa namna hii na kuuita uganga. Mkiisha kustaajabu, isogezeni bilauri inchi 3 nyuma, na kila mtazamaji akisogeza kichwa ataona mshumaa umetoka mahali pake. Irudisheni kwenye inchi 10, utatulia humo tena. Hapo mtakuwa mmepima sheria kwa mikono yenu wenyewe.

Jambo la pili linalowasumbua wengi ni la kulia na kushoto. Husemwa ya kuwa kioo hugeuza kulia kuwa kushoto. Lakini kama ni hivyo, mbona hakigeuzi juu kuwa chini? Fikirini hivi. Tuseme kioo kimetungikwa katika ukuta wa kaskazini, nawe wakitazama. Mkono wako wa kulia uko upande wa mashariki. Uinue, katika kioo mkono ulioinuka uko mashariki vilevile. Kichwa chako ki juu, na katika kioo ki juu. Hata hapo hapana kilichogeuzwa. Lakini wewe umeelekea kaskazini, na yule mwenzio wa kiooni ameelekea kusini. Hilo ndilo pekee lililogeuka: mbele imekuwa nyuma. Nasi, kwa kuwa tumezoea kuwatazama watu waliogeuka wakatuelekea, twamhesabu kama mtu wa namna hiyo na kusema kwamba anatumia mkono wa kushoto. Mwenye shaka na aandike jina lake juu ya kipande cha kioo cha dirisha, akishike kati yake na kioo cha kujitazamia, hali jina linasomeka kwake. Katika kioo litasomeka vizuri vilevile. Jina lililoandikwa katika karatasi huonekana kinyume kwa sababu ni sisi wenyewe tunaoigeuza karatasi ili kukionyesha kioo.

Sasa tumefika kwa fundi wetu. Karibu na chuo chetu kulikuwako fundi mmoja wa cherehani, mtu mzima, mpole, mwenye kushona kanzu nzuri. Wateja wake walikuwa wakinung'unika ya kuwa hawana mahali pa kujitazama wanapojaribu nguo. Akaweka akiba kwa miezi mingi ili anunue kioo. Hakutaka kuipoteza fedha yake bure, basi akatujia siku moja tumekaa barazani baada ya masomo, akatuamkia kwa adabu, akasema, "Walimu wangu, nyinyi ndio wenye elimu ya vitu hivi. Kioo cha urefu gani kitamtosha mteja ajione tangu kofia hata viatu?"

Sisi, bila kuinuka vitini, tulimjibu, "Fundi, usijitie katika gharama. Nunua kioo kidogo cha futi moja na nusu. Mteja akitaka kujiona mwili mzima, na arudi nyuma hatua chache. Kitu kikiwa mbali huonekana kidogo, basi mwili wote utaingia katika kioo." Maneno hayo tuliyasema kwa sauti ya mtu anayejua. Tena hatukumfundisha yeye peke yake. Tulikuwa tumewafundisha wanafunzi wetu mwaka baada ya mwaka, nao walikuwa wamekwenda kuyafundisha katika shule zao.

Fundi akashukuru, akaenda akanunua. Baada ya juma mbili akarudi. Hakuwa na hasira. Ingekuwa heri kwetu kama angekuwa nayo. Akasema, "Walimu wangu, wateja wangu wamerudi nyuma mpaka wamefika barabarani, na mmoja nusura agongwe na baiskeli. Pindo la kanzu bado halijaonekana."

Twaona haya kuyasema haya hadharani, lakini kweli lazima isemwe. Neno la kwanza lililotutoka ni kwamba yeye ndiye aliyekosea. Tulimwambia amekitungika kioo vibaya, kimeinama. Fundi akanyamaza, akatuaga. Tukajua mioyoni mwetu ya kuwa hatukumjibu.

Kesho yake darasani, kijana mmoja wa mwaka wa pili, aliyekuwa amelisikia jambo lile, akaomba ruhusa tujaribu. Tukamruhusu, ingawa si kwa moyo mkunjufu. Akasimama mbele ya kioo cha bweni, mkono mmoja umbali, akamwomba mwenzake achore kwa sabuni juu ya kioo mahali anapoona utosi wake, na mahali anapoona kidevu chake. Wakapima kwa rula: tangu alama hata alama ni inchi 4 na nusu. Kisha wakapima uso wake wenyewe, tangu utosi hata kidevu: inchi 9. Akarudi nyuma hatua moja, alama zikabaki pale pale, utosi juu ya alama ya juu, kidevu juu ya alama ya chini. Akarudi hatua mbili, hatua tano, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Alama hazikuondoka. Darasa zima likageuka kututazama sisi.

Wasikilizaji, sababu yake si ngumu, na mtoto wa shule aweza kuifahamu. Fikirini kioo kuwa dirisha lililo kati ya vyumba viwili. Katika chumba hiki mko ninyi, na katika chumba cha pili yuko pacha wenu, amesimama mbali na dirisha sawa na ninyi. Dirisha, basi, li nusu ya njia kati ya jicho lenu na pacha yule. Kamba ikivutwa toka jicho lenu mpaka kidole cha mguu wake, italipita dirisha katikati ya urefu wake, na hapo itakuwa imeshuka nusu tu ya mshuko wake wote. Mkirudi nyuma hatua moja, pacha naye hurudi nyuma hatua moja. Dirisha labaki katikati vile vile. Ni kweli sura yapungua machoni kwa umbali, lakini kioo nacho chapungua machoni kadiri ile ile. Hilo ndilo tulilolisahau.

Tufanye hesabu kwa mtu wa futi 5 na inchi 8, yaani inchi 68, ambaye macho yake yako inchi 64 toka chini. Nuru itokayo miguuni pake, ili ifike machoni, hupiga kioo mahali palipo nusu ya 64, yaani inchi 32 toka sakafuni. Nuru ya utosini hupiga kati ya 64 na 68, yaani inchi 66. Toka 32 mpaka 66 ni inchi 34, nayo ni nusu kamili ya kimo chake. Basi kioo kilichosimama wima lazima kiwe nusu ya kimo cha mtu, wala kisipungue, na tena kitungikwe mahali pake. Kioo cha fundi, cha inchi 18, kiliweza kuonyesha inchi 36 tu za mwili, mtu awe karibu au awe barabarani. Tangu kofia mpaka mapajani, basi. Pindo la kanzu lingeonekanaje?

Jioni ile tukashika njia kwenda kwa fundi, sisi walimu tuliokuwa barazani siku ile, na yule kijana pamoja nasi. Tulimkuta anashona. Tukamwambia mbele ya wateja wake ya kuwa kosa lilikuwa letu, si lake, na kwamba tulimjibu jambo ambalo hatukulijaribu. Tukachanga fedha kutoka katika mishahara yetu ili anunue kioo cha pili sawa na cha kwanza. Vikiwekwa kimoja chini ya kingine vitakuwa inchi 36, na inchi 34 ndizo zitakiwazo. Fundi akacheka, akasema, "Walimu wangu, asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini niambieni: na mteja mfupi je?"

Tukatazamana. Kijana akatoa kalamu akapiga hesabu juu ya kipande cha karatasi ya kukatia nguo. Mtoto wa inchi 50, mwenye macho kwenye inchi 46, ataka kioo kinachoanzia inchi 23 toka chini. Nacho kioo kilichowekwa kwa mtu mrefu kinaanzia juu ya hapo, basi mtoto hataiona miguu yake. Fundi akasikiliza, akatikisa kichwa, na siku chache baadaye tukakuta amemwomba seremala amtengenezee fremu moja ya kushika vioo vyote viwili, akapiga misumari mitatu ukutani, mmoja chini ya mwingine. Aingiapo mteja, fundi humtazama kimo, kisha hutungika fremu katika msumari unaomfaa. Hayo hatukumfundisha sisi. Aliyabuni mwenyewe, toka siku alipopata kipimo cha kweli.

Wasikilizaji, twawaeleza habari hii, hasa ninyi walimu wenzetu mlio katika shule za mbali, kwa sababu watu hutuamini. Mkulima, fundi, na mama mwenye mtoto mgonjwa hutujia kwa kuwa tumesoma, na neno letu laweza kuwagharimu akiba ya mwaka mzima au zaidi ya hiyo. Hatuna haki ya kuwapa neno tusilolipima. Karibu miaka 1000 iliyopita, mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kuishi Misri, aliandika kitabu kikubwa juu ya kuona. Watu mashuhuri waliomtangulia walisema kwamba jicho hutoa miale yake lenyewe na kuvigusa vitu. Yeye hakuwakubali kwa ajili ya ukubwa wa majina yao. Alipima na kujaribu, akaonyesha ya kuwa nuru ndiyo inayotoka katika vitu na kuingia jichoni, na kadhalika akaijaribu kwa ala sheria ya vioo tuliyoitaja. Ikiwa mtu kama yule aliona lazima kujaribu, sisi ni nani hata tujibu tumekaa vitini?

Basi usiku huu, kabla hamjalala, chukueni kipande cha sabuni, simameni mbele ya kioo chenu, mchore alama mbili, mrudi nyuma. Msikubali kwa sababu tumesema katika radio. Tulikwisha kukosea mara moja. Wapeni watoto wenu rula wapime wao.

Fundi wetu hupita chuoni mara kwa mara akileta nguo za wanafunzi. Kila tunapomshauri jambo, hata likiwa dogo, hutuamkia kwa adabu ile ile, kisha huuliza, "Walimu wangu, hili mmelipima?" Nasi, tukiwa hatujalipima, humwomba atungoje mpaka kesho.